Shada Mbele ya Mchoro: Ufuate Rangi, Umbo au Kisa?

Tangu mwaka 1976, Museum of Fine Arts ya mjini Boston hutenga siku chache kila majira ya machipuko ambapo baadhi ya michoro na sanamu zake hupewa jirani wa muda, yaani shada la maua lililobuniwa kwa ajili ya kazi hiyo moja tu na kusimamishwa karibu nayo. Maonyesho hayo huitwa Art in Bloom, jina linalotumika pia katika Minneapolis Institute of Art, na jijini San Francisco makumbusho ya de Young yana maonyesho ya aina hiyo yanayojulikana kama Bouquets to Art. Wanaopanga maua ni mchanganyiko wa wapambaji wa kulipwa na watu wa kujitolea kutoka vilabu vya bustani, na wengi wao hukutana na mtihani uleule: mtu amekwisha kupangiwa mchoro wake, siku zinahesabika, na bado hajui aanzie wapi.

Njia za kuanzia, kwa jinsi ninavyoona, ni tatu. Unaweza kufuata rangi za kazi hiyo. Unaweza kufuata umbo lake, yaani mistari, uzito na nafasi zilizoachwa wazi. Au unaweza kufuata kisa kilichomo. Ni kweli kwamba shada zuri huishia kuwa na kidogo cha kila kimoja, lakini anayevitaka vyote vitatu kwa nguvu sawa tangu mwanzo mara nyingi hutoka na fujo, kwa hiyo inafaa kuamua mapema ni kipi kitakachoongoza na vipi vitakavyofuata nyuma. Ulinganisho huu unamhusu aliyepangiwa kazi katika makumbusho kama hayo, na unamfaa vilevile mwalimu wa sanaa au mpambaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kujaribu zoezi hilo mbele ya mchoro wowote ulioko ukutani kwake.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni utambuzi. Tuseme mashada kumi yamekusanywa katika chumba kimoja na michoro kumi katika chumba kingine. Je, mgeni asiyeambiwa kitu angeweza kulirudisha shada lako kwa mchoro wake? Cha pili ni uimara, kwa kuwa maonyesho haya huchukua siku kadhaa, na ua linalopendeza jioni ya kupangwa linatakiwa lisiaibishe siku ya kufunga. Wapangaji huja asubuhi kabla ya wageni kuingia ili kuongeza maji na kubadilisha yaliyonyauka, lakini shada linalohitaji kufumuliwa upya kila asubuhi ni shada lililokosewa hesabu. Cha tatu ni gharama na upatikanaji wa maua yenyewe, na cha nne ni ufundi na zana ambazo njia husika inazidai.

Masharti ya makumbusho sikuyafanya kigezo kwa sababu yanazibana njia zote sawasawa, ingawa ni vyema uyajue kabla ya kununua chochote. Wahifadhi huogopa wadudu, ukungu, maji na chavua. Ndiyo maana udongo, na matawi yaliyokatwa porini bila kukaguliwa, huangaliwa kwa jicho kali, chombo kinachovuja hakina nafasi, na shada huwekwa mbali kidogo na kazi yenyewe. Mayungiyungi ndiyo yanayosumbua zaidi: ua likianza tu kufunguka, vile vichwa vidogo vya chavua vilivyomo ndani hutolewa kwa vidole kimoja kimoja, kabla havijapasuka, kwa sababu unga wake wa rangi ya kutu ukishagusa kitambaa hautoki kirahisi, na ukiusugua kwa maji ndipo unapozidi kushika. Uliza pia habari za taa. Kumbi za michoro huwa na mwanga hafifu kuliko duka la maua, na mwanga huo ukiwa wa manjano huyameza maua ya buluu na ya zambarau, kiasi kwamba yale uliyoyapenda dirishani yanageuka kivuli.

Ili njia zote zipimwe kwa haki, nitazipitisha katika mchoro mmoja, nao ni ule wa mabinti wa Edward Darley Boit, uliochorwa na John Singer Sargent mwaka 1882 alipokuwa na umri wa miaka 26, na ambao uko Boston. Ni mchoro unaokaribia kuwa mraba, wenye zaidi ya mita mbili kila upande. Wasichana wanne wamo katika makazi ya familia yao mjini Paris. Julia, wa miaka 4, ameketi chini zuliani na mwanasesere wake. Mary Louisa, wa miaka 8, amesimama kushoto peke yake, mikono mgongoni. Na nyuma kabisa, penye mpaka wa mwanga na giza, wapo Jane wa miaka 12 na Florence wa miaka 14, ambaye ameegemea chombo kikubwa cha kauri na kugeuza uso hata hauonekani vizuri. Vyombo hivyo viko viwili, vya Kijapani, vyeupe vyenye nakshi ya buluu, virefu kuwapita watoto wenyewe, na ukifika Boston utavikuta vyombo halisi vimesimamishwa kandokando ya mchoro. Upande wa kulia kuna kizuizi chekundu kinachoukata mchoro kama mstari. Sehemu iliyobaki ni giza la kahawia.

Njia ya kwanza: kufuata rangi

*Utambuzi.* Hapa rangi haina mpinzani. Mgeni huiona kabla hajaona kitu kingine, na hata mtoto ataoanisha. Tatizo lipo katika vipimo. Wekundu wa mchoro wa Sargent ni ukanda mwembamba, na buluu yake ni nakshi tu, ilhali weupe wa aproni na kahawia ya giza ndivyo vinavyotawala. Mpangaji akinunua kiasi sawa cha kila rangi atapata bendera, si mchoro. Kazi ambayo rangi yenyewe ndiyo habari humrahisishia mtu kazi. Katika Minneapolis kuna mizeituni ya Vincent van Gogh ya mwaka 1889, yenye mbingu ya manjano iliyojaa jua, milima ya buluu na vivuli vinavyotambaa juu ya ardhi, na sidhani kama kuna mtu atakayelaumiwa kwa kuanza na rangi mbele yake.

*Uimara.* Ni wa kubahatisha, kwa kuwa rangi ndiyo inayokuchagulia ua, na haikuulizi kama ua hilo litadumu. Anayetaka buluu laini hujikuta na haidrenjia, ambayo ikikosa maji kwa muda mfupi hulegea yote. Mawaridi, karnesheni na krisanthemamu ni ya kutegemewa zaidi. Tena rangi hubadilika jinsi ua linavyofunguka: zipo pioni zinazoingia zikiwa na rangi ya matumbawe na kutoka, siku chache baadaye, zikiwa zimepauka hadi kufanana na malai.

*Gharama.* Njia hii hula maua mengi, kwa sababu rangi huonekana kwa wingi wake, na rangi mahususi huenda ikahitaji kuagizwa mapema. Mawaridi mengi yanayouzwa Marekani hutoka Kolombia na Ekwado. Aliye Ulaya huenda akapewa ya Naivasha au ya Arusha bila hata kuuliza, na aliye Nairobi ana bahati ya kuwa jirani na mashamba yenyewe.

*Ufundi na zana.* Kisu, mikasi, chombo na kitu cha kushikilia vikonyo vinatosha. Wengi hutumia ile sponji ya kijani iliyozoeleka kwa jina la oasis, ambayo hushika vizuri lakini ni plastiki isiyooza. Wavu wa waya wa mabanda ya kuku, ukikunjwa na kuingizwa ndani ya chombo chenye maji, hufanya kazi ileile na hutumika tena na tena.

Rangi ina hatari moja ambayo sipendi kuipita haraka. Boston pia ina mchoro wa J. M. W. Turner wa mwaka 1840 unaojulikana kama Meli ya Watumwa. Ukiutazama kwa mbali ni machweo tu: rangi ya machungwa, nyekundu, dhahabu, bahari inayowaka. Ukisogea unaona mikono na mguu wenye pingu ukitokeza majini, kwa kuwa kinachoonyeshwa ni watu waliotupwa baharini wakiwa hai, na kwa kawaida mchoro huo huhusishwa na kisa cha meli ya Zong ya mwaka 1781, ambapo zaidi ya watu 130 walitoswa na wenye meli wakaenda kudai bima. Mtu akifuata rangi peke yake hapo ataweka shada zuri la rangi ya machungwa mbele ya watu wanaozama, na litakuwa limefanana kabisa na mchoro bila kuwa limeuelewa. Hilo kwangu si suala la ladha.

Njia ya pili: kufuata umbo

*Utambuzi.* Huchukua muda kidogo, lakini ukishaingia hautoki. Mchoro wa Sargent ulipoonekana mara ya kwanza, uwazi wake uliwashangaza watazamaji, na mkosoaji mmoja aliuelezea kuwa ni pembe nne na utupu. Maneno hayo, ingawa yalikuwa ya kulaumu, ni maelekezo mazuri kwa mpangaji: vitu vinne visivyogusana, vimetawanyika, kimoja chini mbele, kimoja pembeni, viwili vimerudi nyuma, vitu viwili virefu vya wima, na katikati pasiwe na kitu. Unaweza kuyatumia maua meupe matupu, bila wekundu wala buluu, na mtu aliyeutazama mchoro vizuri ataujua.

Sanamu na kazi za kutundikwa huifurahia njia hii kuliko michoro. Katika de Young kuna Hovor II ya El Anatsui, ya mwaka 2004, iliyofumwa kwa vifuniko vya chupa vya alumini vilivyounganishwa kwa waya wa shaba, ikaning'inizwa kama kitambaa kizito chenye mikunjo. Wengi wataikimbilia dhahabu yake. Mimi ningekimbilia mikunjo, na ningeitengeneza kwa majani, si kwa maua: majani mapana yanayokunjika bila kuvunjika, yakapangwa kama magamba na kuachwa yaporomoke kutoka juu. Aliyekulia pwani akaona ukili ukisukwa ana faida hapa, kwa sababu vidole vyake tayari vinajua jani linakubali kupinda hadi wapi kabla halijapasuka.

*Uimara.* Ni mzuri kuliko wa njia zote, kwa kuwa umbo hubebwa na matawi, majani na maua magumu kama anthuriamu na okidi, ambayo siku tano ni jambo dogo kwao. Ukae mbali na tulipu tu. Tulipu huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa na hujipinda kufuata mwanga, hivyo mstari ulioupanga Jumatano si utakaoukuta Ijumaa.

*Gharama.* Maua ni machache, wakati mwingine hayafiki kumi, na majani mengi hupatikana bustanini, ingawa katika makumbusho yatahitaji kuoshwa na kukaguliwa. Fedha huhamia kwenye chombo na viegemeo, na chombo kisichofaa hakifichiki pale maua yanapokuwa matatu.

*Ufundi na zana.* Hapa ndipo palipo na ugumu. Utahitaji kenzan, kile kibao kizito chenye misumari kilichotoka katika upangaji wa maua wa Kijapani, pamoja na waya na subira. Shada lisilo na ulinganifu huelemea upande mmoja, na maji nayo ni uzito unaopungua kadiri maua yanavyokunywa, kwa hiyo kilichosimama imara usiku kinaweza kuinama asubuhi. Ugumu mkubwa zaidi ni wa moyo: kuacha nafasi wazi wakati ndoo ya maua bado imejaa miguuni pako.

Njia ya tatu: kufuata kisa

*Utambuzi.* Bila maelezo ya maandishi, njia hii ndiyo dhaifu zaidi, hasa kwa mpangaji anayetegemea lugha ya alama. Krisanthemamu ni nembo ya ufalme wa Japani, na huko Ufaransa ni ua la kupeleka makaburini mwezi wa Novemba. Yungiyungi jeupe, kwa Mkristo aliyezoea picha za Bikira Maria, ni usafi. Asumini, kwa mtu wa Mombasa au Unguja, ni harusi. Ukijenga shada juu ya alama za namna hiyo, katika ukumbi wenye wageni wa kila taifa, kila mmoja atasoma lake.

Lipo jambo ambalo halihitaji kamusi, nalo ni umri wa ua. Mchoro wa Sargent husomwa na wengi kama habari ya kukua: mdogo yuko kwenye mwanga na anakutazama machoni, na jinsi umri unavyopanda ndivyo wasichana wanavyosogea gizani, hadi mkubwa anakupa ubavu. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuja kuolewa, jambo lililozidi kuwapa watu cha kusema juu ya mchoro huo, japokuwa Sargent hangeweza kulijua mwaka 1882. Kisa hicho kinaweza kuelezwa kwa aina moja tu ya ua: tumba lililofumba bado, mbele na chini, lililoanza kufunguka, pembeni, na mawili yaliyofunguka, nyuma ya majani meusi, moja likiwa limegeuzwa likaangalia ukutani. Mgeni yeyote, awe wa Kinshasa au wa Osaka, anajua tumba ni nini na ua lililofunguka ni nini.

*Uimara.* Tumba haliahidi kubaki tumba. Ndani ya ukumbi wenye joto la kawaida linaweza kufunguka siku ya pili, na kisa chako kikawa kimebadilika bila idhini yako. Tiba yake ni kuweka akiba ya matumba mahali pa baridi na kubadilisha asubuhi. Kwa mchoro wa Turner, mtu anaweza kufikiria chombo cha kioo kirefu kilichojaa maji, maua yakiwa machache na yamezama chini ya usawa wa maji, uso wa maji ukiwa mtupu. Okidi huvumilia kuzamishwa kuliko maua mengi. Hata hivyo maji yenye maua ndani yake huchafuka upesi, na ni lazima yabadilishwe kila siku, la sivyo wageni wa siku ya tatu watatazama ukungu.

*Gharama.* Maua huwa machache. Kinachotumika kwa wingi ni muda wa kusoma na kuutazama mchoro, na ikiwezekana kuzungumza na wanaowaongoza wageni katika makumbusho, ambao wanajua maswali yanayoulizwa mbele ya kazi hiyo kila siku.

*Ufundi na zana.* Ni wa wastani kwa mikono. Kinachoshinda wengi ni kuchagua jambo moja katika kisa na kuyaacha mengine.

Kulingana na hali yako

Anayepanga kwa mara ya kwanza, akiwa na siku chache na mchoro wenye rangi zinazopiga kelele, aanze na rangi bila kuona haya, mradi ahesabu sehemu ya kila rangi kabla ya kwenda sokoni. Njia rahisi ni kupiga picha ya mchoro, kuitazama ikiwa ndogo kwenye simu huku umekunja macho, na kuandika rangi gani inachukua nusu, ipi robo na ipi kipande tu. Orodha ya manunuzi ifuate hesabu hiyo.

Ukipangiwa sanamu, au kazi isiyo na watu wala mandhari, umbo lina nafasi kubwa zaidi, na kwa sanamu kuna sababu ya ziada: wageni huizunguka, kwa hiyo shada lenye mbele na nyuma litawaangusha nusu yao. Umbo linamfaa pia mwenye fedha chache na mikono iliyozoea, pamoja na anayeishi mbali na makumbusho na hawezi kufika kila asubuhi. Kwa kikundi cha watu sita ni njia ngumu, maana kila mmoja atataka kuongeza ua lake. Kikundi hufanya kazi kwa amani zaidi kwenye rangi, ambapo mikono mingi hujaza haraka.

Mbele ya kazi inayobeba mateso ya watu, nashauri kisa kiongoze hata kama mpangaji ni mgeni wa ufundi, kisha umbo lisaidie, na rangi iwe ya mwisho. Kama muda hautoshi kukielewa kisa hicho, ni heshima zaidi kuomba ubadilishiwe kazi mapema kuliko kupamba kitu usichokijua. Kisa kinafaa vilevile pale makumbusho yanapokubali kibao kifupi cha maelezo karibu na shada. Uliza hilo siku ya kwanza, kwa kuwa jibu likiwa hapana, kila ulichokusudia kukisema itabidi kisemwe na maua yenyewe.

Kwa darasani au nyumbani, ambako hakuna mhifadhi wa kukukataza udongo wala mwanga wa kukubana, jaribu mchoro mmoja kwa njia mbili na uyaweke mashada yote mawili mbele ya watu ambao hawakukuona ukiyapanga. Waulize ni lipi la mchoro ule, na uwaache wabishane kabla hujasema neno.